S ya Tano Ni ya Viongozi

Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Watumishi wengi wa hospitali za umma nchini Tanzania wanayajua maneno haya matano kwa moyo. Ndiyo 5S, msingi wa kaizen, utaratibu wa kuboresha kazi kidogo kidogo kila siku uliokomaa katika viwanda vya Japani, hasa Toyota.

Kabla ya kufika kwetu, mbinu hii ilipitia Sri Lanka. Katika hospitali ya wanawake ya Castle Street jijini Colombo, Daktari Wimal Karandagoda alionyesha kwamba hospitali ya umma yenye bajeti finyu inaweza kubadilika bila kusubiri majengo mapya. Mwaka 2007, kwa msaada wa shirika la Japani la JICA, Tanzania ilianza na Hospitali ya Rufaa ya Mbeya, kisha Wizara ya Afya ikaandaa mwongozo na kueneza mafunzo katika hospitali nyingine. Vifaa vya kuanzia havikuwa vya gharama: utepe wa rangi, lebo na kalamu ya wino mzito.

Faida yake haiishii kwenye usafi. Muuguzi wa zamu ya usiku akijua mashine ya presha inakaa wapi, mgonjwa hupimwa mapema. Dawa inayokaribia kuisha muda ikipangwa mbele, hutumika badala ya kutupwa. Kitoroli cha dharura kikikaguliwa kila zamu zinapokabidhiana, daktari hafungui droo tupu huku mtu anapigania roho yake.

Katika utekelezaji, ugumu huanzia kwenye S ya kwanza, Sasambua, yaani kutenga visivyohitajika. Watumishi hutenga vitanda vilivyovunjika, viti vya magurudumu vibovu na mashine zisizowaka, wakavibandika lebo nyekundu. Hapo ndipo vinapokwama. Mali ya umma haitupwi hivi hivi: sharti ikaguliwe, ithaminiwe na kupata kibali cha kuondolewa. Utaratibu huo unalinda jasho la wananchi na lazima ufuatwe. Lakini kama mhasibu na ofisa ugavi hawakushirikishwa tangu mwanzo, hakuna anayeanzisha mchakato. Vitu hurundikwa nyuma ya jengo, na mvua zikikaribia hurudishwa ndani. Mtumishi aliyebeba kitanda kibovu mara mbili hana sababu ya kukibeba mara ya tatu.

Kikwazo kikubwa zaidi ni ukimya. Timu ya uboreshaji kazi hukaa, ikabaini kwamba mgonjwa wa nje anazungushwa: dirisha la malipo, maabara, kisha dirishani tena. Timu haina mamlaka ya kuhamisha dirisha wala kubadili ratiba ya mkeshia. Inaandika pendekezo na kulipeleka juu. Mwezi unapita bila jibu, hata la kukataa. Kikao kinachofuata huhudhuriwa na wachache, na baada ya hapo hakiitishwi tena. Aliyekipa nguvu akihamishwa, mpango mzima huondoka naye. Wageni wakitangazwa kuja, rangi hupakwa na sakafu husuguliwa, kisha mambo hurudi yalivyokuwa.

Ni rahisi kuwalaumu wauguzi na wahudumu kwa kukosa nidhamu. Kisa cha Fremont, California, kinakataa lawama hiyo. Mwaka 1982 kampuni ya magari ya General Motors ilifunga kiwanda chake cha hapo, kilichojulikana kwa utoro kazini, migogoro na magari yenye kasoro. Mwaka 1984 kikafunguliwa upya kwa ubia na Toyota, na wengi walioajiriwa walikuwa wafanyakazi wale wale wa zamani. Haikuchukua muda magari yake yakasifika kwa ubora. Kilichobadilika ni namna ya kuongoza: mfanyakazi akiona kasoro alivuta kamba, na kiongozi wa timu akafika pale pale kusaidia. Tatizo lisipotatuka, mstari mzima ulisimama. Mwenye kuona kasoro aliaminiwa, na sauti yake ilipata jibu.

Kwa hiyo Shikilia, S ya tano, ni wajibu wa viongozi kabla ya kuwa wajibu wa mtu mwingine yeyote. Mganga mfawidhi apite wodini kila wiki bila kutangaza, aulize kinachokwamisha kazi. Kila pendekezo la timu lipewe jibu la maandishi lenye tarehe. Uondoshaji wa vifaa chakavu uwe na ofisa anayewajibika nao. Kiongozi anayehama akabidhi mpango wa 5S kama anavyokabidhi ofisi na mali zake.

Hayo hayahitaji mfadhili wala semina mpya. Wakuu wa idara, makatibu wa afya na waganga wafawidhi, anzeni na mapendekezo yaliyoko mezani kwenu: yajibuni wiki hii.