Asilimia ya Eko: Kompyuta Inavyofuata Ukuta wa Moyo

Mgonjwa kutoka Mtera anayevimba miguu na kukosa pumzi alalapo chali huweza kupewa rufaa hadi Dodoma, ambako Hospitali ya Benjamin Mkapa hutoa huduma za moyo. Hurudi na majibu ya eko, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti. Miongoni mwa majibu hayo imo namba inayoongoza uchaguzi wa dawa zake: asilimia ya damu inayosukumwa kwa kila pigo.

Hali ya Bwawa la Mtera haifahamiki kwa picha ya siku moja. Sharti kina chake kipimwe maji yalipojaa na yalipopungua. Ndivyo ulivyo moyo. Ikiwa chumba cha chini cha kushoto kina mililita 120 kinapojaa, na mililita 50 kinapomaliza kujikaza, zimetoka 70, sawa na asilimia 58. Kiwango cha asilimia 40 au chini huonyesha kwamba nguvu ya kusukuma imepungua.

Ili kupata vipimo hivyo viwili, mpaka wa ndani wa chumba huchorwa katika video. Zamani mtaalamu aliuchora kwa mkono. Siku hizi programu nyingi husaidia. Mawimbi yakigonga msuli wa moyo hutoa madoadoa ambayo mpangilio wake hubaki karibu uleule kutoka picha moja hadi inayofuata. Programu huutafuta mpangilio huo jirani na ulipokuwa, kisha hupima umesogea kiasi gani. Picha zikiwa chache mno kwa sekunde, madoadoa hubadilika kupita kiasi na programu hupoteza njia.

Mwaka 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitangaza programu iliyofunzwa kwa video za eko zipatazo 10,000. Makadirio yake yalitofautiana na ya wataalamu kwa wastani wa pointi 4 hivi. Kwa video za hospitali nyingine, tofauti ilifikia pointi 6. Funzo ni kwamba chombo kilichozoea wagonjwa na mashine za mahali pamoja chahitaji kupimwa upya kinapohamia pengine.

Kwa hiyo mhudumu wa afya, kabla ya kuiamini namba, atazame mstari uliochorwa: je, unaambatana na ukuta wa moyo mwanzo hadi mwisho wa pigo? Mapigo yasipolingana, yapimwe kadhaa na kutafutiwa wastani. Kushuka kutoka 52 hadi 48 kwaweza kuwa tofauti ya upimaji tu. Kushuka kutoka 52 hadi 35 si jambo la kungoja. Tena, asilimia nzuri haiondoi ugonjwa, kwani moyo mgumu usiolegea vizuri huleta dalili zilezile.

Nawe mgonjwa, tunza majibu yako yote, na uombe nakala ya video inapowezekana. Kipimo cha leo hupata maana kikiwekwa kando ya kile cha jana. Usiache dawa kwa sababu namba imepanda. Mara nyingi imepanda kwa sababu ya dawa hizo.