Manahodha Wawili Katika Chombo Kimoja

Wahenga walisema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hii wengi wetu tumeitumia kukataa kugawana madaraka, na hasa maofisini. Lakini waulize mabaharia wa Kilindini, watakwambia kwamba meli kubwa ifikapo mlangoni mwa bandari hupanda mtu wa pili, rubani, anayeijua njia ya maji. Na nahodha hashuki wala hanyang'anywi meli yake. Husimama pamoja, mmoja akijua chombo na mwingine akijua mkondo, na ndipo meli ikafika gatini salama.

Jambo tunalotaka kulizungumza leo ni la namna hiyo hiyo, ila shehena yake si magunia wala magari. Ni watoto wetu wenye ulemavu. Na manahodha wenyewe ni wakuu wa elimu wa pande mbili: wale wanaosimamia shule za kawaida, na wale wanaosimamia elimu maalum.

Kila ufikapo mwezi wa Januari huonekana mzazi amemshika mtoto mkono, yuko mbele ya afisi ya shule ya mtaani kwake. Mtoto hasikii vizuri, au macho yake hayaupati ubao, au miguu haina nguvu. Mwalimu mkuu humpokea kwa maneno mazuri, kisha humwambia, "Mama, huyu hapa si pahali pake. Mpeleke shule yao." Mama huenda hiyo shule yao, akaambiwa nafasi zimejaa, au mtoto lazima alale bweni, au alete kwanza karatasi ya uchunguzi. Hurudi nyumbani kufikiri. Muhula hupita, na mwaka nao hupita. Hakuna mtu hata mmoja aliyetamka kwamba mtoto huyu asisome; lakini hakusoma.

MILANGO MIWILI ILIVYOJENGWA

Si vizuri kumlaumu mwalimu mkuu yule kabla ya kutazama tulikotoka. Elimu maalum katika Kenya ilianza kando, na ilianza kwa hisani. Mwaka wa 1946 Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya vipofu huko Thika, na shule nyingi zilizofuata zilianzishwa na makanisa na vyama vya wasamaria. Zilikuwa mbali, na zilikuwa za bweni. Si ajabu ikiwa mzazi Mwislamu wa Pwani alisita kumtoa mtoto asiyeona akakae huko miezi mitatu, asijue atasali na nani. Baadaye tulipata zetu za karibu: Shule ya Vipofu ya Likoni, Shule ya Viziwi ya Ziwani, Port Reitz kwa wenye ulemavu wa viungo, na Kibarani kule Kilifi kwa wasiosikia. Shule hizi zimewatoa watu wengi gizani, na tuziheshimu.

Serikali nayo haikukaa kimya. Mwaka wa 1964 iliundwa Kamati ya Ngala Mwendwa kutazama hali ya walemavu. Mwaka wa 1976 Kamati ya Gachathi iligusia haja ya kuwachungua watoto mapema na kuwasomesha pamoja na wenzao. Mwaka wa 1984, kwa msaada wa Denmark, vilianza vituo vya kuchungua watoto, kujua nani haoni, nani hasikii na nani ana uzito wa kufahamu. Mwaka wa 1986 ikazaliwa Taasisi ya Elimu Maalum, ile ya KISE, huko Nairobi, ili kuwafundisha walimu wa kazi hii.

Yote haya ni ya kushukuriwa. Lakini kila kilipoongezwa kitu, kiliongezwa pembeni. Elimu maalum ikawa na wataalamu wake, vituo vyake na semina zake. Elimu ya kawaida ikabaki na zake. Hata pale shule ya kawaida ilipofunguliwa darasa la watoto hawa, mara nyingi lilipewa chumba cha nyuma karibu na ghala, na mwalimu wake akawa mgeni katika afisi ya walimu.

Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 54, imempa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma katika shule zilizochanganyika na jamii, kwa kadiri inavyoafikiana na maslahi yake. Na mwaka wa 2018 Wizara ya Elimu ilitoa sera inayosema kwamba kumchanganya mtoto na wenzake ndiyo njia ya kutangulizwa. Maneno ni mazuri. Kilichobaki ni watu wa kuyatia vitendoni, na hao ni wawili, si mmoja.

Hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 iliwapata Wakenya 918,270 wenye ulemavu, wa umri wa miaka mitano na kuendelea. Kijiji ambacho hakina hata mmoja wao ni nadra, lakini shule maalum haiko kila kijiji. Hesabu hiyo peke yake yatosha kutuonyesha kwamba shule ya mtaani haina budi kuufungua mlango wake.

LUGHA NAYO IMETUPONZA

Tazama hata maneno yetu. Kiswahili kimemweka kipofu, kiziwi, kiwete na kilema katika kundi moja na kiti na kikapu. Ni kweli kwamba hata kiongozi yumo humo humo, kwa hivyo tusiifanye hoja kuwa kubwa kuliko ilivyo. Tena, twasema "kipofu amekuja," wala hatusemi "kimekuja." Yaani neno limekaa pamoja na vitu, lakini kitendo kimemrudisha kwa watu.

Siku hizi tumejifunza kusema asiyeona, asiyesikia, mwenye ulemavu. Ni adabu njema. Lakini mtoto aliyekuwa kipofu jana nyuma ya darasa, na leo akaitwa asiyeona huko huko nyuma ya darasa, hajapata kitu ila jina.

KAZI INAVYOGAWANYIKA

Hebu tuone ni wapi hasa hao wakuu wawili huhitajiana.

Kwanza ni uchunguzi. Mtaalamu wa kituo ndiye ajuaye kupima, lakini hajui ni mtoto gani katika darasa la tatu anayekisogeza kitabu mpaka puani. Mwalimu wa darasa ndiye anayemwona. Basi lazima iwepo njia ya mwalimu mkuu kumpeleka mtoto kituoni, na lazima karatasi ya majibu irudi darasani ikasomwe. Karatasi iliyofungiwa katika kabati ya afisi haijapata kumfundisha mtoto yeyote.

Pili ni ratiba na vyumba. Mtaalamu atasema mtoto huyu mwenye ualbino aketi mbele, mbali na mwangaza wa dirisha, apewe maandishi makubwa, na asisimamishwe juani bila kofia. Atasema yule asiyesikia vizuri amwone mwalimu uso kwa uso, na mwalimu asizungumze huku ameuelekea ubao. Atasema choo kipanuliwe mlango ili kiti cha magurudumu kipite. Lakini mtaalamu hana mamlaka ya kuhamisha dawati wala kumwita fundi. Mamlaka hayo anayo mwalimu mkuu na bodi yake.

Tatu ni walimu. Mwalimu aliyesomea elimu maalum akipewa vipindi vyote vya hesabu na michezo juu yake, ujuzi wake utaoza. Na akipewa watoto wenye ulemavu peke yake, walimu wengine watasema, "Hao ni wake." Inavyofaa ni agawanyiwe saa: nyingine za kumfundisha mtoto mkono kwa mkono, nyingine za kukaa na walimu wenzake na kuwaonyesha njia.

Nne ni mitihani. Baraza la Mitihani hutoa karatasi za breli, karatasi za maandishi makubwa, na dakika 30 za nyongeza kwa wanaostahili. Lakini haya hayaji yenyewe siku ya mtihani. Mtoto huandikishwa mapema na aina ya mahitaji yake ikatajwa. Mwalimu mkuu asiyemwuliza mtaalamu, au mtaalamu asiyefika shuleni kwa wakati, humfanya mtoto aliyesoma miaka mingi aketi mbele ya karatasi asiyoweza kuiona. Kosa hilo halirekebishiki jioni ile.

Marekani walilitia jambo hili katika sheria mwaka wa 1975. Kila mtoto mwenye ulemavu huandikiwa mpango wake wa masomo, na mpango huo huandikwa katika kikao: mjumbe wa shule, mwalimu na mzazi. Mwaka wa 1997 ikaongezwa kwamba mwalimu wa darasa la kawaida naye lazima aketi, ikiwa mtoto anasoma au huenda akasoma katika darasa hilo. Wenzetu hao wana fedha nyingi kutushinda, lakini hata wao iliwabidi sheria itaje kwa jina nani aketi juu ya kiti gani. Kushirikiana hakuji kwa nia njema peke yake.

CHUO KILITUFUNZA

Na sisi watu wa Pwani tusidhani kwamba mpango wa mtoto mmoja mmoja ni jambo geni. Ingia katika chuo chochote cha Kurani, cha zamani au cha leo. Watoto wameketi jamvi moja, lakini huyu yuko katika alifu, yule yuko katika Amma, na yule mwingine amekaribia kuhitimu. Maalim humwita kila mmoja na kumsikiliza pale alipofika. Hakuna anayeambiwa, "Wenzako wamekupita, toka." Mtoto asiyeona hukaa papo hapo, akashika kwa sikio yale ambayo wenzake wanayaona kwa jicho, na mara nyingine akawashinda.

Tena historia yetu imejaa mifano. Abdallah bin Ummi Maktum, asiyeona, ambaye Suratu Abasa iliteremka kwa sababu yake, alikuwa mwadhini wa Mtume (S.A.W.). Na katika karne iliyopita, Taha Hussein wa Misri, aliyezaliwa mwaka wa 1889 na kupofuka angali mdogo, alianzia chuoni kijijini kwao, akenda Azhar, na mwaka wa 1950 akawa Waziri wa Elimu wa nchi nzima. Zingatia: hakupewa elimu ya vipofu aisimamie. Alipewa elimu ya watu wote.

Lakini tuseme kweli pia. Chuo ni pahali pa sikio, na mtoto asiyesikia mara nyingi ameachwa nje. Hapo maalim naye ahitaji mtu wa kumwonyesha, kama vile mwalimu mkuu anavyohitaji. Walimu wa Ziwani na Kibarani wanaijua lugha ya ishara. Je, ni maalim wangapi wamekwenda kuwabishia hodi?

HOFU ZA PANDE MBILI

Ikiwa faida ni kubwa hivi, mbona wakuu hawa hawashirikiani upesi? Kwa sababu kila mmoja ana hofu yake, na hofu isiyotajwa haitibiki.

Mwalimu mkuu wa shule ya kawaida huogopa wastani wa alama. Wazazi wenyewe ndio wanaomwuliza shule imekuwa ya ngapi. Naye ana darasa lililojaa, na mwalimu mmoja. Mkuu wa shule maalum huogopa kwamba watoto wakitawanywa, shule yake itakufa, na ujuzi wa miaka mingi utapotea pamoja nayo. Na hofu hiyo si ya kuchekwa. Wasiosikia wana lugha yao, na tangu mwaka wa 2010 Lugha ya Ishara ya Kenya ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Mtoto asiyesikia akitupwa peke yake kati ya watoto mia nane wasiojua ishara hata moja, huyo hakuchanganywa. Ametengwa katikati ya watu. Ndiyo maana Katiba ikaweka sharti la maslahi ya mtoto mwenyewe.

Kwa hivyo shule maalum zisifungwe. Nazo ziwe mahali pa kuwafunza walimu wa shule jirani, pa kuazima mashine ya breli, pa kupata mkalimani, na pa kuwalea wale ambao hali yao haiwezekani kwingine. Na wakuu wa shule za kawaida wasione kwamba mtaalamu aingiapo darasani amekuja kuwakagua. Kidole kimoja hakivunji chawa.

LA KUFANYWA

Wakuu wa elimu katika kaunti zetu, wa pande zote mbili na wa Tume ya Kuwaajiri Walimu, waketi kila muhula wakiwa na orodha moja ya watoto, kwa majina: nani amechunguzwa, nani anangoja, nani atafanya mtihani, nani hajaonekana shuleni kabisa.

Nawe mzazi, usimfiche mtoto ndani kwa aibu. Hujafa hujaumbika, na aliye mzima leo hana hati ya kuwa mzima kesho. Uendapo shuleni, usikubali kutumwa kutoka mlango huu hadi ule. Mwambie mwalimu mkuu kwa heshima: "Mwalimu, nakuomba umwite huyo mwenzako wa elimu maalum, tuketi watatu, na kabla sijaondoka tuandike mtoto huyu atasoma wapi, na nani, na kuanzia siku gani."