Nani Anaruhusiwa Kurudisha Pesa Uliyotuma Kimakosa?

Umetuma 2,500 kwa namba isiyo yenyewe, ukapigia huduma kwa wateja. Mhudumu anabonyeza, kompyuta yake inaomba seva yetu irudishe pesa. Sasa seva itajuaje ombi limetoka ofisini kweli, si kwa mwizi?

Inaangalia tokeni. Ile ya stima unaijua: tarakimu 20, na inakubaliwa na mita moja tu. Hii yetu ni maandishi marefu yanayosema nani anaomba, ameruhusiwa kufanya nini, na ruhusa inaisha saa ngapi. Mwishoni kuna sahihi, si ya kalamu bali ya hesabu, inayotengenezwa kwa ufunguo wa siri. Mtu akibadilisha hata herufi moja, sahihi inakataa kulingana na maandishi na ombi linatupwa.

Lakini sahihi haifichi kitu. Anayeishika tokeni anaweza kusoma yaliyomo, ndio maana PIN yako haiwekwi humo kamwe. Mhudumu pia haihitaji. Anayekupigia akidai PIN ndio “arudishe pesa,” mkatie simu.

Na tokeni ikiibwa nzima nzima? Hapo sahihi haisaidii, itakubaliwa tu. Kwa hivyo tunaipa dakika chache, halafu inakufa.