Chupa ya Achari Juani

Katika nyumba nyingi za Unguja na Mombasa, wali haujatimia mpaka kando ya sahani pawe na kitu kikali: kachumbari, chatne ya nazi au ya ukwaju, au achari. Kachumbari hailali, hukatwa na kuliwa siku hiyo hiyo. Achari ndiyo inayowekwa, na kwangu mimi iliyo bora ni ya ndimu, isiyotiwa hata tone la siki.

Huchaguliwa ndimu zenye ganda jembamba, zilizoanza kupiga manjano. Zikishaoshwa hufutwa moja moja zikauka kabisa, kisha hupasuliwa mara nne huku chini zikiwa zimeshikana. Chumvi hushindiliwa ndani ya mipasuko. Wengine huongeza pilipili mbuzi, bizari ya manjano na thomu. Hupangwa katika chupa ya kioo, ikatolewa juani asubuhi na kurudishwa ndani kabla ya umande. Chumvi huyavuta maji ya ndimu, zikawa zimezama katika maji yao wenyewe. Rangi hugeuka hudhurungi, ganda hulainika, uchungu hupungua. Hizo ni wiki, si siku, na anayeharakisha hula ganda gumu lenye ukakasi. Ukali wa ndimu na chumvi ndivyo vinavyozuia kuoza. Siki ingefanya nini tena humo?

Embe ina mambo yake. Embe mbichi hukatwa vipande, hutiwa chumvi, huanikwa, kisha hupikwa kwa siki, sukari, pilipili, thomu na uzile. Sufuria ya alumini haifai, kwani siki huila. Siki yenyewe ina heshima yake kwa Waislamu wa pwani, maana Mtume (S.A.W.) aliisifu kuwa kitoweo chema. Zile embe kavu zenye sukari, pilipili na rangi nyekundu wanazonunua watoto wa Mombasa pamoja na mabuyu, nazo huitwa achari, lakini ni za kutafuna njiani; hazikai na pilau.

Sharti kubwa la chupa ni ukavu. Mkono hauingii, na kijiko kilichogusa mchuzi hakirudi. “Mwanangu, kifute kwanza hicho kijiko,” bibi husema hata mbele ya wageni, na hakuna anayeona vibaya, kwa sababu tone moja la maji laweza kuleta ukungu ukaharibu kazi ya mwezi mzima.

Chombo cha jirani hakirudishwi kitupu, na aliyeleta ndimu za mti wake hupata fungu lake achari ikiiva. Msafiri wa Maskati mwenye jamaa huko naye mara nyingi hubebeshwa chupa. Hufungwa nailoni mara mbili na kuwekwa mbali na kanzu, maana bizari ikivuja haitoki.