Apdeti ya MB 16 inavyofika kwenye simu ikiwa MB 1.2

Kila app ikitoa toleo jipya, Play Store ina maswali mawili: nini kimebadilika, na mabadiliko hayo yana uzito gani? Kutuma app nzima upya ni rahisi kwa seva, lakini anayelipa ni mwenye bando.

Tangu 2012 Google imekuwa ikituma zile sehemu zilizobadilika tu, yaani kiraka. Simu inachukua toleo la zamani lililomo ndani yake, inalibandika kiraka, na toleo jipya linapatikana.

Shida ni kwamba faili la app limebanwa. Ni kama begi la safari lililojazwa nguo mpaka zipu inalia. Ukibadilisha shati moja la chini, mpangilio wote wa juu unavurugika. Ndivyo ilivyo kwa faili: mstari mmoja wa kodi ukibadilika, data iliyobanwa inaonekana ngeni kabisa, na kiraka kinavimba bila sababu ya maana.

Desemba 2016 Google ilitangaza dawa yake. Seva inafungua kwanza matoleo yote mawili, la zamani na jipya, inayalinganisha yakiwa hayajabanwa, kisha inatuma tofauti peke yake. Simu nayo inafungua, inabandika, inabana tena. Na lazima ibane sawasawa, baiti kwa baiti, la sivyo sahihi ya usalama ya app haitakubali.

Matokeo? Katika mfano uliotolewa wakati huo, app ya Netflix yenye MB 16.2 ilihitaji kiraka cha MB 7.7 kwa njia ya awali. Kwa njia mpya ni MB 1.2 tu. Google Maps ilishuka kutoka MB 32.7 hadi 9.6. Kwa wastani apdeti zilipungua kwa asilimia 65 zikilinganishwa na kushusha app nzima.

Lakini hakuna cha bure. Kubana upya kunachosha prosesa: kwa simu za 2015, karibu sekunde moja kwa kila MB. Kwa hiyo Google iliamua wakati huo kwamba kiraka hiki kidogo kiende kwenye apdeti za kiotomatiki tu, zile zinazofanyika simu ikiwa imetulia, mara nyingi usiku ikiwa kwenye chaji.

Hapo ndipo uamuzi ule ulipowaumiza wasio na uwezo. Mtu asiye na Wi-Fi nyumbani huzima apdeti za kiotomatiki ili kulinda bando, halafu anasasisha mwenyewe app moja moja. Yaani aliyehitaji nafuu kuliko wote ndiye aliyeikosa.

Baadaye ikaja njia nyingine. Tangu Agosti 2021 app mpya za Play Store lazima zipelekwe kwa mfumo unaoipa kila simu vipande vyake tu: lugha yake, aina ya prosesa yake, msongamano wa pikseli za kioo chake. Hapa mzigo unapungua tangu siku ya kwanza ya kupakua.

Anayetaka kujua apdeti itakula kiasi gani afungue Play Store, aguse picha ya wasifu, kisha sehemu ya kudhibiti programu. Orodha ya apdeti zinazosubiri huonyesha MB za kila moja. Ya benki na ya ujumbe zisisubiri sana, maana zinaweza kuwa na viraka vya usalama. Gemu la MB 200 linaweza kungoja Wi-Fi ya ofisini.