Mguu wa Bandia na Baisikeli

Katika njia za Kolwezi baisikeli ni mkate wa watu wengi. Mtu hufunga magunia mawili au matatu ya makala, akatoka porini kabla ya jua, akapita pembeni mwa malori ya shaba mpaka mjini. Basi mtu huyu akikatwa mguu, kwa ajali ya lori, au kwa udongo ulioanguka ndani ya shimo la mawe, au kwa kidonda cha sukari kilichooza, huuliza neno moja tu: "Daktari, nitapanda kinga tena?"

Akikatwa chini ya goti, mara nyingi jibu ni ndiyo. Goti likiwa zima kazi kubwa imebaki. Lakini kwanza kigutu kipone kabisa, ndipo mguu wa bandia upimwe kwa plasta, naye ajifunze kutembea vizuri. Hapo ndipo apande baisikeli, mahali tambarare, bila mzigo.

Mguu wa bandia hauna kifundo kinachokunjika kama chetu. Kwa hiyo asikanyage pedali kwa vidole, bali kwa katikati ya wayo, karibu na chini ya mti wa mguu. Hapo nguvu hushuka moja kwa moja. Kipande cha tairi kuukuu juu ya pedali huzuia kuteleza. Lakini asiufunge mguu kwa kamba! Akianguka mbele ya lori hataweza kuufungua.

Kiti kipimwe kwanza kwa mguu mzima: pedali ikiwa chini, goti libaki limekunjika kidogo. Kisha tazama upande wa pili pedali ikiwa juu. Ikiwa ukingo wa nyuma wa kikombe cha mguu unauma nyama nyuma ya goti, usivumilie. Kuna njia mbili. Fundi wa miguu anaweza kuupunguza ukingo kidogo. Mgonjwa asiukate mwenyewe kwa kisu, maana akikata sana mguu hautashika. Au fundi wa baisikeli afupishe mkono wa pedali upande ule. Wa kawaida una sentimeta 17 hivi. Ukipunguzwa sentimeta 2 au 3 goti halikunjiki sana. Fundi na atumie chuma kizuri, kwa kuwa kiungo kibaya huvunjika mlimani.

Freni ziwe za mkono. Ile ya kurudisha pedali nyuma humshinda mtu huyu mara nyingi. Akisimama, aegemee upande wa mguu mzima.

Wengine huendesha kwa mguu mmoja bila kitu cha bandia. Katika Ghana, Emmanuel Ofosu Yeboah, aliyezaliwa na mguu wa kuume ulioharibika, alizunguka nchi yake mwaka 2001, karibu kilometa 600, akikanyaga kwa mguu wa kushoto tu. Watu walitoka njiani kumtazama, kwa sababu walizoea kumwona kilema akiomba. Baadaye madaktari wa Loma Linda, California, walimkata mguu ule na kumpa wa bandia.

Sasa neno ambalo wengi hulidharau: ngozi. Kila jioni vua mguu, osha kigutu kwa maji na sabuni, kausha vizuri, na kipanguse kikombe kwa kitambaa chenye maji. Soksi ya kigutu ifuliwe kila siku. Wakati wa mvua uwe nazo mbili au tatu. Tazama chini ya kigutu kwa kioo. Alama nyekundu isiyopotea kwa muda wa dakika 20 ni onyo: usivae mguu mpaka ngozi ipone, ukaje kwa fundi. Mwenye sukari atazame kwa macho kila siku, kwa kuwa huenda asisikie maumivu. Tumeona watu walioficha kidonda kidogo wasipoteze siku mbili za makala, na mwisho goti likakatwa.

Kigutu hukonda katika miezi ya kwanza. Mguu ukilegea, ongeza soksi. Ukizidi kulegea, kikombe kipya kinatakiwa. Mtoto anayekua hubadilishiwa mguu kila miezi 6 hadi 12. Mtu mzima kila miaka 3 hadi 5. Mgonjwa anayekuja kupimwa na aje na baisikeli yake, ili fundi amwone ameketi juu yake.