Kuchagua Mimea ya Bustani ya Nyumbani

Bustani ya nyumbani huwa na makundi matatu ya mimea: ya uzio, ya maua na ya matunda. Kila mmea huchaguliwa kwa kazi yake na mahali utakapokaa. Tuchukue mfano wa Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, penye udongo wa volkano na mvua za masika na vuli.

(a) Uzio: Masale huoteshwa kwa vipande vya shina na hubaki kijani mwaka mzima. Kwa Wameru na Wachaga huonesha pia mpaka wa shamba. Kuyang'oa bila kukubaliana na jirani huzua ugomvi. Michongoma ina miiba inayozuia mifugo. Minyaa huvumilia ukame, lakini utomvu wake hudhuru macho. Isipandwe mahali watoto wanapochezea.

(b) Maua: Bogenvilia hupenda jua na huchanua hata kiangazi. Kwa kuwa ina miiba, ikae mbali na njia.

(c) Matunda: Mparachichi huwa mkubwa na wenye kivuli, upandwe mbali na nyumba na mboga. Maji yakituama, mizizi yake huoza. Mche uliobebeshwa huzaa mapema kuliko uliotokana na mbegu. Penye nafasi ndogo, panda mpapai au mlimau.

Kumbuka: Katika mtihani usiishie kutaja majina ya mimea. Toa sababu ya kuchagua kila mmoja, kisha taja tahadhari yake.